Klachi ya gari

Klachi ni kifaa kinachounganisha injini ya gari na giaboksi, na kuzitenganisha kila mara dereva anapokanyaga pedali yake. Kwa msaada wake injini huweza kuendelea kuzunguka wakati gari limesimama, gari huondoka taratibu bila kushtuka, na gia hubadilishwa bila kusaga meno. Klachi ya aina hii hupatikana katika magari ya gia za mkono. Magari mengi ya otomatiki hutumia mahali pake kifaa kinachopitisha nguvu kwa njia ya mafuta.

Klachi hulika kidogo kidogo kama soli ya kiatu, na siku moja ni lazima ibadilishwe. Klachi yenyewe hufungwa kwa bolti chache tu, lakini kuifikia kunadai giaboksi nzima ishushwe. Ndiyo maana kosa dogo lililofanyika ndani huwa ghali: kulisahihisha ni kurudia kazi yote. Kwa sababu hiyo hiyo, hitilafu yoyote ya klachi, iwe ya zamani au mpya, hutafutwa kwanza nje ya giaboksi.

## Sehemu zake

Sehemu kuu za klachi ni hizi zifuatazo:

* Flaiwili: gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki ya injini. Uso wake laini ndio unaokutana na klachi.
* Pleti ya klachi: sahani ya duara yenye utando wa msuguano pande zote mbili. Katikati ina tundu lenye meno ambalo huingia katika shafti ya giaboksi. Pleti nyingi zina springi ndogo za kupunguza mshtuko.
* Presha pleti: kifuniko kinachofungwa kwenye flaiwili na kuibana pleti kwa nguvu ya springi. Katika magari madogo ya siku hizi springi hiyo ni bapa, nayo ina vidole vinavyoelekea katikati.
* Beringi ya klachi: husukuma vidole vya springi pedali inapokanyagwa.
* Uma wa klachi: wenzo unaosukuma beringi.
* Beringi ndogo ya katikati: katika magari mengi huwekwa kwenye ncha ya krenki ili kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi.

Nguvu ya mguu hufika kwenye uma kwa kebo ya chuma au kwa mafuta. Katika mfumo wa mafuta kuna silinda ya juu karibu na pedali na silinda ya chini kwenye giaboksi. Baadhi ya magari hayana uma; silinda ya chini huizunguka shafti ndani ya giaboksi pamoja na beringi yake.

## Namna inavyofanya kazi

Pedali isipokanyagwa, springi huibana pleti kati ya presha pleti na flaiwili, na vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja. Pedali ikikanyagwa, beringi husukuma vidole, presha pleti hurudi nyuma kwa umbali mdogo sana, na pleti hubaki huru. Nafasi hiyo ni ndogo kiasi kwamba pleti iliyopinda kidogo tu haiwezi kuachia kabisa.

Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuipitisha hutegemea mambo manne: idadi ya nyuso za msuguano, kiwango cha msuguano, kani ya springi, na umbali wa wastani wa utando kutoka katikati. Mambo hayo huzidishwa pamoja. Tuchukue mfano wa klachi yenye nyuso 2, kiwango cha msuguano 0.3, kani ya newton 4,000 na umbali wa mita 0.09:

2 × 0.3 × 4,000 × 0.09 = newton-mita 216

Injini inayotoa newton-mita 140 haiwezi kuishinda klachi hii. Lakini mafuta yakiingia kwenye utando na kushusha msuguano hadi 0.15, jibu huwa 108 tu, na klachi itateleza ingawa ni mpya kabisa. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini mikono yenye grisi ni adui mkubwa wa kazi hii.

Klachi inapoteleza, nguvu isiyofika kwenye magurudumu hugeuka joto. Kidogo hutokea kila gari linapoondoka, na hilo ni jambo la kawaida. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya breki, au anayeendesha huku mguu umepumzika juu ya pedali, huongeza joto hilo bila faida yoyote.

## Historia kwa ufupi

Gari la Karl Benz la mwaka 1885 lilipitisha nguvu kwa mkanda, na mkanda huo ulihamishwa kutoka puli iliyo huru kwenda puli iliyokazwa ili gari liondoke. Baadaye magari mengi yalitumia klachi yenye umbo la pia iliyovikwa ngozi, kisha klachi ya sahani ikachukua nafasi yake. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza vifaa vya msuguano, na kampuni yake ilikuja kujulikana kwa jina la Ferodo.

Kwa miaka mingi utando wa klachi na breki ulichanganywa na asbesto kwa kuwa inastahimili joto. Vumbi la asbesto husababisha saratani ya mapafu na magonjwa mengine. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu usalama katika matumizi ya asbesto mwaka 1986, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Hata hivyo, gari la zamani au spea isiyojulikana asili yake inaweza bado kuwa nayo.

## Dalili za klachi iliyokwisha

Dalili iliyo wazi ni kuteleza: injini inapandisha mizunguko lakini mwendo wa gari hauongezeki, hasa mlimani au gari likiwa na mzigo. Mara nyingine husikika harufu ya kuungua. Ili kupima, gari huendeshwa kwa gia ya juu na kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tupu, kisha mafuta hukanyagwa kwa nguvu. Mizunguko ikiruka peke yake, klachi inateleza.

Dalili ya pili ni ile ambayo mafundi huieleza kwa kusema "klachi haikati": pedali imekanyagwa hadi chini lakini gia hukataa kuingia au husaga, hasa gia ya kurudi nyuma. Hapa hakuna haja ya kuharakisha kununua klachi. Kwanza gia zijaribiwe injini ikiwa imezimwa. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inawaka, klachi haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye fimbo au kebo za gia, au ndani ya giaboksi.

Kelele nazo zina maana yake:

* Kelele inayoanza pedali inapokanyagwa mara nyingi hutoka kwenye beringi ya klachi.
* Kelele inayosikika gari likiwa katika gia huru na kutoweka pedali inapokanyagwa huashiria beringi ya shafti ya giaboksi.
* Kelele inayosikika gari limesimama, gia imeingizwa na pedali imekanyagwa inaweza kutoka kwenye beringi ndogo ya katikati.

## Kubadilisha klachi nyumbani

Kazi hii inawezekana nyumbani kwa mtu mwenye ujuzi wa spana, msaidizi mmoja na mahali pagumu palipo sawa. Kwa gari dogo, siku nzima si muda mrefu kwa anayefanya mara ya kwanza. Kitabu cha huduma cha gari husika ni cha lazima, kwa sababu mpangilio hutofautiana na mkazo wa bolti hauwezi kukisiwa.

### Usalama

* Gari hukaa juu ya stendi imara. Jeki pekee haitoshi kamwe, wala matofali, kwa kuwa hupasuka bila kutoa taarifa.
* Magurudumu yanayobaki chini huwekewa kabari mbele na nyuma.
* Waya hasi wa betri hutolewa kabla ya kugusa stata.
* Giaboksi ya gari dogo inaweza kuwa na uzito wa kilo 30 hadi 50, na ya pikapu au gari la magurudumu manne huzidi hapo. Hushushwa kwa jeki iliyofungwa vizuri, si kwa kifua cha mtu aliyelala chini yake.
* Vumbi la klachi ya zamani halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho hutupwa ndani ya mfuko uliofungwa.

### Kushusha giaboksi

Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, propela huwekwa alama kwenye maungio yake kabla ya kufunguliwa, ili irudi kama ilivyokuwa. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, mafuta ya giaboksi humwagwa na shafti za magurudumu huchomolewa. Mara nyingi bano moja la injini hulazimika kufunguliwa, hivyo injini yenyewe huwekewa tegemeo kwanza.

Kisha hutolewa waya wa taa ya kurudi nyuma, waya wa mwendo, waya wa mwili wa gari, fimbo au kebo za gia, stata, na silinda ya chini au kebo ya klachi. Kila waya huandikwa jina kwa karatasi na utepe. Bolti za giaboksi huwa na urefu tofauti. Njia rahisi ni kuzichomeka katika boksi la karatasi lililochorwa umbo la giaboksi.

Bolti zikiisha, giaboksi huvutwa moja kwa moja kurudi nyuma, ikiwa sambamba na injini, mpaka shafti itoke kabisa katika pleti.

### Ukaguzi

Bolti za presha pleti hulegezwa kidogo kidogo kwa kuzunguka zote. Mtoaji huangalia pleti inaelekea upande gani, na kupiga picha ni jambo la busara.

Sasa giaboksi iko chini, na hii ndiyo nafasi pekee ya kuona mambo yaliyofichika. Uso wa flaiwili ukiwa na nyufa, mabaka ya buluu ya joto au mifereji, huchongwa karakana au hubadilishwa. Flaiwili yenye vipande viwili na springi ndani kwa kawaida hupimwa uchezaji wake na kubadilishwa ikizidi kipimo. Sili ya nyuma ya krenki na sili ya shafti ya giaboksi hukaguliwa: dalili yoyote ya mafuta inatosha kuzibadilisha. Kuacha sili inayovuja ili kuokoa fedha kidogo ni kuihukumu klachi mpya.

Pleti, presha pleti na beringi hubadilishwa kwa pamoja kama seti. Pleti mpya hulinganishwa na ya zamani kwa kipenyo na idadi ya meno, kisha hujaribiwa juu ya shafti ya giaboksi. Inapaswa kuteleza kwa urahisi.

### Kufunga

1. Uso wa flaiwili na wa presha pleti mpya husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki, kwa kuwa presha pleti huletwa ikiwa imepakwa mafuta ya kuzuia kutu.
2. Meno ya shafti hupakwa grisi ya joto, kidogo sana, na ya ziada hufutwa. Mahali uma unapoegemea pia hupakwa kidogo.
3. Pleti huwekwa kwa upande wake sahihi. Mara nyingi huandikwa upande unaotazama flaiwili au giaboksi.
4. Kifaa cha kusawazisha huchomekwa katikati ya pleti hadi kwenye tundu la krenki. Bila pleti kukaa katikati, shafti haitapita.
5. Bolti za presha pleti hukazwa kwa mpangilio wa msalaba, mzunguko kidogo kila moja, kisha kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu.
6. Beringi mpya hufungwa, na uma hujaribiwa kwa mkono.
7. Giaboksi hupandishwa kwa jeki na kusogezwa mbele ikiwa sambamba, huku msaidizi akizungusha shafti kidogo ili meno yakutane.

Hatua ya 7 ndiyo inayoharibu klachi nyingi mpya. Giaboksi haiachwi ikining'inia kwa shafti iliyokwisha kuingia katika pleti: uzito wake huipinda pleti, na kosa hilo halionekani mpaka gari liwashwe. Vilevile giaboksi haivutwi kwa kukaza bolti. Ikibaki nafasi kati yake na injini, kuna kitu hakijakaa. Kukaza kwa nguvu hupasua ganda la alumini. Huangaliwa kama pleti iko katikati, kama waya haujabanwa, na kama pini za kuongozea zipo mahali pake.

Mwisho mafuta ya giaboksi hurudishwa kwa kipimo. Hatua hii husahauliwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

## Matatizo baada ya kazi

Klachi mpya inapokataa kufanya kazi, fundi asiye na uzoefu huamini kwamba spea ni mbovu na kuanza kushusha giaboksi tena. Spea mbovu zipo, lakini utafutaji hufuata mpangilio kutoka nje kwenda ndani.

Pedali ni laini au inazama. Katika mfumo wa mafuta, upepo umeingia au kuna uvujaji. Upepo hutolewa kwa skrubu ya silinda ya chini, na chombo cha mafuta ya breki hujazwa mara kwa mara ili upepo usiingie tena. Pedali ikizama polepole ingawa hakuna uvujaji wa nje, silinda ya juu huenda inavuja kwa ndani.

Klachi haikati. Msaidizi hukanyaga pedali huku mwingine akitazama mwendo wa uma, injini ikiwa imezimwa. Uma ukisogea kidogo kuliko inavyotakiwa, tatizo liko nje: upepo, kebo iliyolegea au silinda iliyochoka. Uma ukisogea kikamilifu na klachi bado haikati, tatizo liko ndani: pleti imegeuzwa, imepinda, imekwama kwenye meno ya shafti, au si ya gari hilo.

Klachi mpya inateleza. Kwanza hukaguliwa uchezaji wa pedali. Kebo iliyokazwa kupita kiasi ni sawa na mguu uliowekwa juu ya pedali muda wote. Katika mfumo wa mafuta, silinda isiyorudi au mpira ulioziba kwa ndani huleta matokeo hayo hayo. Ili kujua, skrubu ya kutolea upepo hufunguliwa kidogo: klachi ikishika vizuri baada ya hapo, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani. Vyote hivyo vikiwa sawa, hubaki mafuta au grisi kwenye utando, au flaiwili iliyochongwa isivyo.

Gari linatetemeka linapoondoka. Mtetemo mdogo katika siku za kwanza unaweza kuisha nyuso zikishazoeana. Usipoisha, mabano ya injini na giaboksi hukaguliwa kwanza, hasa lile lililofunguliwa wakati wa kazi. Sababu za ndani ni grisi kwenye utando, mabaka ya joto kwenye flaiwili, au bolti za presha pleti zilizokazwa bila mpangilio.

Kelele mpya. Mkwaruzo unaosikika muda wote huenda ni kinga ya bati iliyopinda na kugusa flaiwili. Kelele ya pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi au uma usiokaa sawa.

Stata inazunguka kwa uchovu au haizunguki. Betri haina kosa ikiwa waya wa mwili wa gari haukurudishwa kwenye giaboksi. Umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na kebo za gia au za mafuta huweza kupata joto na kuungua. Waya huu hukaguliwa kabla ya kujaribu tena.

Taa ya kurudi nyuma haiwaki au kipimo cha mwendo hakisogei. Waya wake haukuchomekwa. Dalili hii haihusu klachi.

## Kuizoesha klachi mpya

Utando mpya haugusi uso wote tangu siku ya kwanza. Watengenezaji wengi hushauri dereva aendeshe kwa upole kwa kilomita mia kadhaa, hasa katika mizunguko ya mjini yenye kusimama na kuondoka, bila kuvuta mzigo mzito na bila kuondoka kwa kasi. Baada ya siku chache mafuta ya breki na ya giaboksi hukaguliwa, na uchezaji wa kebo hupimwa tena.

Umri wa klachi hutegemea dereva kuliko kilomita. Klachi ya gari la abiria linalosimama kila kituo huisha mapema kuliko ya gari la safari ndefu, hata kama ni za aina moja. Kutumia breki ya mkono mlimani, kuondoa mguu kwenye pedali gari linapokwenda, na kuondoka kwa gia ya kwanza ni mazoea yasiyogharimu chochote, nayo huahirisha siku ya kushusha giaboksi.

## Tazama pia

* Breki
* Giaboksi
* Injini
* Msuguano